Barua ya Wazi kwa Kaunti ya Makueni: Ulinzi wa Simu ya Duka

KWA: Idara inayosimamia biashara, Serikali ya Kaunti ya Makueni, wenye maduka, hoteli, zahanati, saiba na vibanda vya M-Pesa mjini Wote, pamoja na wafanyakazi wao.

KUH: USALAMA WA MTANDAONI KATIKA BIASHARA NDOGO

Fedha za biashara ndogo mjini Wote zimehama kutoka kwenye droo na kuingia kwenye simu. Safaricom ilianzisha M-Pesa mwezi Machi 2007, kisha Lipa na M-Pesa ikafuata mwaka 2013. Leo mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi, ya kinyozi, ya mama mboga sokoni na ya mnunuzi wa maembe kutoka Kathonzweni hupita humo. Mnamo Agosti 2023 kiwango cha juu cha fedha zinazoweza kukaa katika akaunti ya M-Pesa ya mtu binafsi kilipandishwa hadi shilingi 500,000, na muamala mmoja unaweza kufikia shilingi 250,000. Simu ya vitufe iliyoachwa juu ya kaunta inaweza basi kubeba fedha nyingi kuliko thamani ya bidhaa zote zilizo kwenye rafu.

Ulinzi wa mali hiyo haujahama pamoja nayo. Duka lina kufuli mlangoni, vyuma dirishani na mlinzi wa usiku, ilhali PIN ya simu inajulikana na kila aliyewahi kuuza hapo. Mwizi naye amebadilisha saa za kazi. Hupiga simu mchana, wakati wateja wamejaa na mwenye duka amesafiri kununua bidhaa, akazungumza kwa upole na kijana aliyeachwa dukani.

Wapo wanaoamini kwamba wadukuzi hushughulika na benki na serikali tu. Historia inaonyesha vingine. Mwaka 2013 msururu wa maduka ya Target nchini Marekani uliibiwa taarifa za kadi za malipo zipatazo milioni 40. Wezi waliingilia kwa Fazio Mechanical Services, kampuni ndogo ya majokofu huko Pennsylvania iliyokuwa na nywila ya kufikia mfumo mmoja wa Target. Barua pepe moja yenye programu hasidi, iliyofunguliwa na mtu wa kampuni hiyo, ilitosha kuwapa njia. Mfanyabiashara wa Wote anayeiuzia hospitali karatasi au shule maharagwe ana ankara, anwani na nambari za maafisa. Kwa mwizi mwenye subira, hivyo ni mlango wa kuingilia kwingine.

Ni vyema pia kutenganisha hatari za aina mbili. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kupitia kituo chake cha KE-CIRT/CC, ilirekodi vitisho vya mtandaoni zaidi ya bilioni 2.5 nchini kati ya Januari na Machi 2025. Sehemu kubwa ya idadi hiyo ni majaribio ya mashine zinazopekua mifumo zikitafuta udhaifu. Duka lisilo na seva halifilisiwi kwa njia hiyo mara nyingi. Hufilisiwa kwa sababu mtu mmoja ameaminishwa kubonyeza, kutamka au kukabidhi kitu ambacho hakupaswa kuwa na uwezo wa kukitoa peke yake.

Njia ambazo fedha hutokea

Njia ya kwanza ni ujumbe bandia wa malipo. Ujumbe halisi huja kwa jina la MPESA, ukiwa na nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu kumi, kiasi, jina, tarehe, saa na salio. Mlaghai hunakili mpangilio huo neno kwa neno na kuutuma kutoka kwenye laini ya kawaida, au huonyesha skrini ya simu yake mwenyewe na kusema mtandao unachelewa. Anaweza kughushi kila kitu isipokuwa salio lililo katika akaunti ya duka. Kwa hiyo bidhaa haipaswi kutoka kwa kuonyeshwa simu ya mteja. Hutoka baada ya ujumbe kufika kwenye simu ya duka, na kwa mauzo makubwa baada ya salio kuangaliwa. Kiwango cha "mauzo makubwa" kiandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya kaunta, ili mfanyakazi asilazimike kubishana na mteja mwenye haraka. Atakuwa anafuata kanuni ya duka, wala hamtuhumu mteja kuwa mwizi.

Njia ya pili ni fedha zinazodaiwa kutumwa kimakosa. Mpigaji husihi arudishiwe haraka, akitaja mgonjwa hospitalini au karo ya mtoto, na ujumbe aliotuma kabla ya kupiga ni wa kughushi. Jibu sahihi ni moja, iwe fedha zimefika au hazikufika: mtumaji aupeleke ujumbe wake wa muamala kwa nambari 456 ili kampuni yenyewe irudishe. Mwenye duka hatumi chochote kwa mkono wake. Akishikilia kwa makusudi malipo yaliyomfikia kimakosa anaweza kujikuta mahakamani, kwani kifungu cha 35 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 kinalifanya jambo hilo kuwa kosa. Utaratibu wa 456 humlinda dhidi ya tapeli na dhidi ya sheria kwa wakati mmoja.

Upande wa pili wa hila hiyo ni mteja anayelipa kweli, akachukua bidhaa, kisha akaomba muamala ubatilishwe. Anayepokea malipo ya biashara kwa nambari yake binafsi ndiye aliye hatarini zaidi. Huduma ya Pochi la Biashara hutenga fedha za biashara na za nyumbani, na ubatilishaji wa malipo huhitaji ridhaa ya muuzaji. Duka lenye mauzo makubwa zaidi hufaidika kuwa na nambari ya tili. Kwa vyovyote vile, nambari ya muamala iandikwe kwenye daftari la mauzo kando ya bidhaa iliyotoka.

Njia ya tatu ni simu ya "ofisini". Mpigaji hujitambulisha kama mhudumu wa Safaricom, afisa wa ushuru, msimamizi wa mawakala au karani wa mapato wa kaunti. Safaricom imewatangazia wateja kwamba huwapigia kwa nambari 0722 000 000 pekee, wala haiombi PIN. Mpigaji wa nambari nyingine anayemwelekeza mtu kubonyeza tarakimu hatua kwa hatua akatiwe simu bila mazungumzo. Heshima isiyofaa kwa mgeni kwenye simu ndiyo inayomrefushia tapeli muda wa kufanya kazi yake.

Hila hii ikichanganywa na taarifa za kitambulisho, huzaa wizi wa laini: tapeli husajili upya laini ya mwenye duka kwenye kadi nyingine, kisha hupokea yeye ujumbe wote wa uthibitisho. Mji wa Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, umetajwa mara nyingi katika misako ya Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) kuhusu wizi huo, na umbali wake kutoka Makueni haumkingi yeyote, kwani kazi yote hufanywa kwa simu. Dalili ya mapema ni simu kupoteza mtandao ghafla mahali ambapo simu nyingine zinashika. Mteja wa Safaricom anaweza kubonyeza *100*100# ili laini yake isiweze kubadilishwa na wakala, na *106# huonyesha nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mambo haya mawili huchukua dakika chache na hayalipiwi.

Njia ya nne ni oda na zabuni za uongo. Hoteli huambiwa imechaguliwa kulisha washiriki wa semina, mradi itume kwanza "gharama ya kufungua faili". Mhasibu hupata ujumbe wa WhatsApp wenye picha ya bosi: alipe msambazaji fulani upesi, bosi yuko mkutanoni. Wakati wa msimu wa maembe, kuanzia Novemba hadi Machi hivi, wanunuzi hutuma malipo mengi kwa watu wengi, na nambari moja iliyobadilishwa katikati ya orodha ndefu haionekani kwa urahisi. Kanuni inayozuia hila zote hizi ni kwamba nambari mpya ya malipo haitumiki mpaka ithibitishwe kwa kuipigia nambari ya zamani inayofahamika. Nambari iliyoletwa na ujumbe wenyewe haithibitishi kitu.

Njia ya tano hutokea ndani. Mfanyakazi ameondoka kwa ugomvi au kwa amani, lakini PIN, nywila ya barua pepe na ukurasa wa Facebook wa duka bado viko mikononi mwake. Hata kama yeye ni mwaminifu, simu yake ikiibiwa, duka limeibiwa pia.

Kugawa mamlaka

Njia hizo tano zinafanana katika jambo moja: mtu mmoja, kwa wakati mmoja, ana uwezo wa kuona malipo, kutoa fedha na kubadilisha mipangilio ya akaunti. Akidanganywa yeye, duka zima limedanganywa. Msingi wa usalama katika biashara ndogo ni kuyatenganisha mamlaka hayo matatu.

Mamlaka ya kuona malipo ni ya muuzaji. Anahitaji kujua kama mteja amelipa, basi. Mfumo wa tili huruhusu simu ya muuzaji kupokea ujumbe wa malipo bila kuwa na PIN ya kutoa fedha, na mpangilio huo ndio ufaao kwa duka lolote lililoajiri mtu.

Mamlaka ya kutoa au kutuma fedha ni ya mwenye biashara, au ya mtu mmoja aliyeteuliwa kwa maandishi. Kwa malipo yanayozidi kiwango fulani, watu wawili wahusike: mmoja aandae, mwingine akague jina linalojitokeza kwenye skrini kabla ya kuidhinisha. Vyama vya kuweka akiba vimezoea kuwa na waweka saini watatu benki. Desturi hiyo hiyo ifuate fedha zinapokuwa kwenye simu.

Mamlaka ya kubadilisha mipangilio, yaani nywila, nambari ya kurejesha akaunti na majina ya wanaoruhusiwa, hayapaswi kukaa kwenye simu ya kaunta kamwe. Yakae kwenye laini ya mwenye biashara, isiyotangazwa kwenye bango la duka wala kwenye kadi.

Mgawanyo huu unawezekana hata pale penye watu wawili tu, mume na mke au mama na mwanawe. Hukamilishwa na kufunga hesabu kila jioni: daftari la mauzo, fedha taslimu na taarifa ya M-Pesa huwekwa pamoja na kulinganishwa. Wizi mdogo unaorudiwa hugunduliwa kwa njia hiyo tu. Duka linalofunga hesabu mwisho wa mwezi humpa mwizi mwezi mzima.

Simu ya duka nayo ibaki ya duka. Programu za mikopo, michezo ya kubashiri na video zinazosambazwa na marafiki ziwekwe kwenye simu binafsi. Simu ya kazi iwe na kifunga skrini, na laini yake iwe na PIN yake, ili ikiibwa isitumike kwenye kifaa kingine kabla haijafungwa.

Nywila, saiba na nakala

Wajibu wa kutoa ankara za kielektroniki kupitia eTIMS ya Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) umewaingiza wafanyabiashara wengi kwenye mifumo ambayo hawakuizoea. Wengi wao husaidiwa na saiba. Mhudumu humfungulia mteja barua pepe, humchagulia nywila, huiandika kwenye daftari lake na mara nyingine huweka nambari yake mwenyewe kuwa ya kurejesha akaunti. Kuanzia hapo akaunti ya iTax au ya eCitizen ya biashara hiyo iko chini ya mtu ambaye hana mkataba wowote nayo.

Hatua za kujilinda ni chache. Barua pepe na nambari ya kurejesha akaunti ziwe za mwenye biashara. Nywila aichape mwenyewe, na ombi la kivinjari la kuihifadhi alikatae. Akimaliza aondoke kwenye akaunti, si kufunga dirisha tu. Mwenye saiba naye ana wajibu: faili zilizoskaniwa, hasa vitambulisho na vyeti, zifutwe kwenye kompyuta za wateja kila jioni, na madaftari ya nywila za watu yaharibiwe.

Nywila nzuri ni ndefu kuliko ilivyo ngumu. Maneno manne yasiyohusiana, mawili ya Kiswahili na mawili ya Kikamba, hukumbukika kwa urahisi na ni magumu kukisiwa kuliko jina la mtoto likifuatwa na mwaka wa kuzaliwa. Taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, iliacha mwaka 2017 kupendekeza watu walazimishwe kubadilisha nywila kila baada ya muda fulani, kwa kuwa waliolazimishwa walichagua nywila dhaifu. Nywila hubadilishwa inapovuja au mfanyakazi anapoondoka. Kila akaunti iwe na nywila yake, na barua pepe ndiyo ilindwe zaidi, kwa sababu nywila za akaunti nyingine hurejeshwa kupitia hiyo. Uthibitisho wa hatua mbili uwashwe kwenye barua pepe na kwenye WhatsApp. Tarakimu sita zinazotumwa wakati wa kusajili WhatsApp hazipewi mtu yeyote, hata akiandika kutoka kwenye akaunti ya ndugu, kwani huenda akaunti ya ndugu huyo imekwisha kutekwa.

Masasisho ya programu hayafai kuahirishwa. Mnamo Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilifunga kompyuta katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na kudai fidia. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha udhaifu uliotumika miezi miwili kabla, mwezi Machi. Waliosasisha kompyuta zao walisalimika. Kompyuta ya duka inayotumia Windows ya kunakiliwa, iliyowekwa na fundi na kuzimiwa masasisho, iko katika hali ile ile ya walioathirika.

Nakala za kumbukumbu hukamilisha ulinzi huo. Orodha ya wadeni, hesabu za bidhaa na ankara ziwe na nakala mbili, moja ikiwa kwenye diski inayochomolewa na kuwekwa nyumbani. Nakala isiyowahi kujaribiwa kufunguliwa haihesabiwi. Biashara iwe pia na njia ya kuendelea mifumo inapozimika. Mwishoni mwa Julai 2023, kundi lililojiita Anonymous Sudan liliushambulia mfumo wa eCitizen, ambao ulikuwa na huduma zaidi ya 5,000, na ununuzi wa tokeni za umeme pamoja na tiketi za reli ukatatizika. Kitabu cha risiti cha karatasi na njia ya pili ya malipo vilikuwa na kazi siku hizo.

Taarifa za wateja

Kibanda cha M-Pesa huweka daftari lenye majina, nambari za vitambulisho, nambari za simu na kiasi cha kila muamala. Mara nyingi daftari hilo liko wazi juu ya kaunta, na mteja anayeandika jina lake husoma ya waliomtangulia. Picha moja iliyopigwa kwa simu humpa tapeli orodha ya watu, fedha walizotoa na saa walizozitoa. Kulifunika kwa kadibodi inayoacha mstari mmoja tu wazi ni ulinzi usiogharimu kitu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu madaftari hayo kama inavyohusu kompyuta. Kanuni za usajili za mwaka 2021 zimewaondolea wajibu wa kujisajili wenye mapato ya mwaka yasiyofikia shilingi milioni 5 na wafanyakazi wasiofika kumi. Msamaha huo hauzihusu shughuli kama zahanati, shule na huduma za hoteli, wala haumwondolei yeyote wajibu wa kulinda taarifa. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza faini tatu zenye jumla ya shilingi 9,375,000. Shilingi 4,550,000 zilitozwa shule moja ya Nairobi kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na shilingi 1,850,000 mkahawa mmoja wa mji huo huo kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Nyingine ilikuwa ya kampuni ya mikopo. Hoteli ya Wote inayopiga wageni picha za matangazo, au duka linalobandika majina ya wadeni ukutani, lisidhani kwamba udogo wake ni kinga.

Wajibu na haki za mfanyakazi

Kifungu cha 41 cha ile sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018 kinamtaka mfanyakazi arejeshe nywila na haki zote za kuingia katika mifumo ya mwajiri mara ajira inapokwisha. Mwajiri asingoje hilo. Siku ya mwisho ya kazi, kabla ya kulipa mshahara wa mwisho, PIN ibadilishwe, nywila zibadilishwe na jina la mfanyakazi liondolewe kwenye kila akaunti. Orodha ya akaunti za biashara iandaliwe mapema, kwa kuwa kinachosahaulika siku ya kuagana ndicho kitakachotumika baadaye.

Haki nayo ina nafasi yake katika usalama. Katika maduka mengi hasara ya utapeli hukatwa kwenye mshahara wa aliyekuwa zamu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu makato kwa hasara iliyotokana na kusudi la mfanyakazi, au upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mtu ambaye mkataba wake unamkabidhi fedha. Makato yote kwa jumla hayawezi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Kijana aliyedanganywa akifuata kanuni za duka hawezi kuwekwa katika kundi hilo kwa urahisi. Zaidi ya sheria, kuna hesabu ya saa. Mfanyakazi anayeogopa kukatwa huficha tukio mpaka jioni, na fedha zilizotumwa kwa tapeli hutolewa kwa wakala ndani ya dakika chache. Mwajiri anayetangaza kwamba atakayeripoti mara moja hataadhibiwa hununua muda ambao ndio nafasi pekee ya kuokoa fedha.

Siku ya tukio

Hatua zifuatazo hufuatana kwa mpangilio huu. Kwanza, kampuni ya simu na benki zipigiwe mara moja ili akaunti zifungwe, na muamala upelekwe 456. Ujumbe na nambari ya tapeli hupelekwa bila malipo kwa 333. Pili, PIN na nywila zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine. Tatu, ujumbe, nambari na picha za skrini zihifadhiwe bila kufutwa. Nne, ripoti iandikishwe katika kituo cha polisi na nambari ya OB ichukuliwe. DCI hupokea taarifa pia kwa nambari ya bure 0800 722 203. Tano, mashambulizi ya mifumo ya kompyuta yaripotiwe ndani ya saa 24, kama kifungu cha 40 cha sheria hiyo ya mwaka 2018 kinavyotaka. KE-CIRT/CC hupokea taarifa kwa barua pepe incidents@ke-cirt.go.ke. Sita, taarifa za wateja zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Kamishna wa Ulinzi wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu uvujaji ujulikane, na wateja wenyewe waambiwe.

Karatasi yenye hatua hizi ikae ukutani, nyuma ya kaunta.

Maombi kwa serikali ya kaunti

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti maendeleo ya biashara, masoko na leseni. Kwa sababu hiyo hakuna ofisi inayomfikia mwenye duka wa Wote mara kwa mara kama ile inayompa kibali cha biashara kila mwaka. Makueni ina pia mabaraza ya wananchi yanayoanzia kijijini na vituo vya habari vya jamii vyenye intaneti. Nyenzo hizo zipo tayari, na maombi matano yanategemea hizo:

1. Kila kibali cha biashara kitolewe pamoja na ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kikamba, wenye kanuni za ujumbe bandia, kugawa mamlaka na hatua za siku ya tukio.

2. Malipo ya kaunti yawe na nambari moja rasmi, ibandikwe katika kila soko na kila ofisi ya wadi, na itangazwe kwamba hakuna karani anayepokea kwa nambari yake binafsi. Tangazo hilo litaua utapeli wa "afisa wa mapato" bila kumkamata mtu.

3. Orodha ya zabuni zilizo wazi, pamoja na simu ya ofisi ya kuzithibitisha, iwekwe mahali ambapo mwenye hoteli anaweza kuiona kabla ya kutuma chochote kwa mpigaji asiyemjua.

4. Vituo vya habari vya jamii, vikishirikiana na Taasisi ya Mafunzo ya Kiufundi ya Wote, vitenge siku ya soko ya kuwasaidia wafanyabiashara kufunga laini dhidi ya ubadilishaji, kuwasha uthibitisho wa hatua mbili na kurejesha akaunti zilizobaki mikononi mwa saiba. Wanafunzi wa teknolojia watapata mazoezi, na wenye maduka watapata msaada wa mtu asiyehitaji kuijua nywila yao.

5. Ofisi za kaunti zijichunge zenyewe. Orodha za wanufaika, waombaji kazi na wenye mikopo zinazobandikwa ukutani au kusambazwa kwa WhatsApp zisiwe na nambari kamili za vitambulisho wala za simu, kwa sababu hizo ndizo malighafi ya wizi wa laini.

Maombi hayo hayahitaji mtambo mpya wala sheria mpya. La nne linahitaji meza, viti na ratiba.

Nakala kwa: Bunge la Kaunti ya Makueni, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, idara ya biashara ya Kaunti ya Kitui.